Unyoya Juu ya Kaburi la Bibi Yako

Koleta mwanangu,

Zamani barua zetu zilianza kwa "mimi ni mzima, hofu ni juu yako." Leo siwezi kuanza hivyo. Uzima wako nimeuona kwa macho yangu mchana huu, ukitoka na viatu vipya kwenda Mwembesongo kuwaaga rafiki zako, na hofu yote iliyobaki ni juu yangu mwenyewe. Kesho alfajiri unapanda treni ya Dar, kutoka hapo ndege mpaka Uholanzi, ukasome virusi vya mimea miaka miwili. Sitakuandikia habari za sweta, wala chakula, wala sala. Hayo nimeyasema mpaka sasa unayamalizia wewe kabla sijafungua mdomo.

Nakuandikia kuhusu ile fomu. Ulikuwa unaijaza mezani kwangu mwezi uliopita, ya kuyaweka matokeo yako kwenye hifadhi ambayo wasomi wa virusi wa dunia nzima wanaisoma. Palikuwa na mstari unaouliza majani yalichumwa wapi. Uliandika kaburi la bibi yako, nikakuomba ufute. Ukaandika kitalu changu cha maua, nikakuomba ufute na hicho. Mwisho ukaandika "Morogoro" tu, ukafunga kompyuta, ukasema utaituma ukishafika. Tangu siku ile unaniamkia vizuri mno. Nakujua, Koleta. Ukinikasirikia unakuwa na adabu.

Hukuniuliza kwa nini nilitaka ufute. Nadhani uliogopa jibu, na mimi nilifurahi kwamba umeogopa. Sasa nakupa jibu bila kuulizwa.

Ulikuwa kidato cha pili nilipouona Unyoya mara ya kwanza. Unayajua yale maua yangu ya majani, yenye umbo la moyo, ambayo watu huyapanga barazani. Hayana ua la maana, uzuri wao wote ni jani, na chini yana kiazi kidogo kwa sababu ni ndugu wa gimbi. Asubuhi moja nilikuta mche mmoja majani yake yameota weupe pande zote za mishipa, weupe wa nyuzinyuzi, kama mtu amelaza unyoya wa kuku juu ya jani akauacha hapo. Nilikaa chini kwenye matope nikaliangalia lile jani. Miaka yote nilikuwa nauza maua yaleyale wanayouza wenzangu wote wa barabarani, na leo Mungu amenipa kitu ambacho hawana. Nikakata kile kiazi vipande vinne. Kisha, kwa kisu kilekile, bila kukifuta, nikaendelea na kazi yangu ya kukata viazi vingine. Baada ya miezi michache na vingine vikaota unyoya. Nikasema, angalia, limekuwa kabila.

Mimi ndiye niliyelipa jina. Watu walifuata Unyoya kutoka Dar na Dodoma. Mwenye hoteli alichukua miche ya ukumbi mzima. Padri alichukua ya kuweka mbele ya altare, nikajisikia kama nimetawazwa.

Alipita bwana shamba mmoja kijana, shati lake bado lina mikunjo ya dukani. Akashika jani, akaligeuza, akatazama chini yake palipokuwa na vidukari.

"Mama, hili linaumwa," akasema. "Hii si rangi yake. Ling'oe ulichome, na kisu chako ukichemshe."

"Mwanangu, umeoa?" nikamuuliza.

"Bado, mama."

"Basi kaoe kwanza, ndipo uje kunifundisha uzuri na ugonjwa."

Wateja walicheka, na yeye akacheka kwa aibu, akaenda zake. Nimekisimulia kisa hicho mara nyingi, wewe mwenyewe umekisikia, na kila mara nilikuwa mshindi. Sikuwahi kukusimulia kwamba alipoondoka nililitazama tena lile jani. Nilijua kuna kitu. Sikujua ni nini, ila nilijua. Nikaendelea kukata.

Bibi yako alifariki mwaka uliomaliza kidato cha nne. Unajua alifia mikononi mwangu, maana nilikuwa nimepanda mlimani siku mbili hizo kumtazama. Mama yako mkubwa Skolastika, aliyekaa naye miaka yote, aliyemwogesha na kumlisha, siku hiyo alikuwa ameshuka Mlali gulioni na maharage yake. Aliporudi alikuta tumeshamfunika. Hakulia kwanza. Alinishika mkono akanivuta nyuma ya nyumba, akaniuliza, "Mama amesema nini juu yangu?"

Nikanyamaza.

Hapa ndipo ninapotaka usome taratibu, kwa sababu hapa sikudanganya, na ndiyo maana nilikaa nalo muda mrefu hivi. Mama hakusema neno baya juu ya Skola. Lakini nilikuwa namwonea wivu dada yangu, Koleta. Ndiyo, mtu mzima mwenye biashara yake mjini, nilimwonea wivu mwanamke wa jembe kwa sababu mama alimwita yeye kila alipotaka kitu na mimi alinikaribisha kama mgeni. Siku ile kwa mara ya kwanza mimi ndiye niliyekuwa nimepewa kitu ambacho yeye hana. Sikutaka kukigawa. Nilitazama chini, na yeye akakichukua kimya changu akakifanya jibu. Akaamini mama ameondoka bila kumpa radhi.

Siku ya arobaini nilileta miche mitano ya Unyoya, iliyostawi kuliko yote, nikaipanda kuzunguka kaburi. Nilitoa kilicho bora nilichokuwa nacho. Uliniona nalia pale, na kilio kile kilikuwa cha kweli.

Unakumbuka Novemba, siku ya kuwaombea marehemu, watu wote wa tumbo la bibi yako tunapokutana kusafisha kaburi. Ni nani alianza kuchimba kipande cha kiazi aende nacho kwake, sijui, labda ni binti wa mjomba wako aliyeolewa Gairo. Ila mwaka wa pili ikawa desturi. Kila mmoja anaondoka na kipande cha bibi, anakifunga kwenye kanga, anakwenda kukipanda mlangoni kwake. Wa Gairo alipanda kwenye ndoo ya rangi, akawa analimwagilia maji ya kuoshea vyombo na kulisalimia asubuhi. Tuliona ni upendo, na ulikuwa upendo.

Skola hakuhitaji kuchukua, kwa kuwa kaburi liko kwake. Kila Jumapili baada ya misa alikwenda pale na kisu kidogo, akakata majani yaliyonyauka, na akaongea. Nilimsikia siku moja nikiwa nakuja kwa njia ya juu. "Mama, kama ni maharage ndiyo yaliyonichelewesha, nimeacha kuyauza. Mama, nionyeshe nikutendee nini." Akimaliza kuomba, na kisu chake mkononi, anateremka hatua hamsini tu hadi bondeni, kwenye magimbi ya bibi yako, anapunguza machipukizi.

Msimu wa kwanza majani machache yalipauka. Msimu wa pili bonde zima liliota unyoya. Wa tatu ukichimba gimbi unatoa kitu cha kumpa mtoto achezee. Magimbi yale yalikuwapo kabla ya mimi kuzaliwa. Yalituvusha kila mwaka mahindi yalipokataa. Na yalikufa chini ya mkono wa Skola, mbele ya ukoo wote, hatua hamsini kutoka kwa mama yake.

Mjomba Beda akaitisha kikao, kwa sababu lile ni bonde la ukoo wa mama, na kwetu mjomba ndiye anayeamua nani wa dada zake na wapwa zake alishike. Hakuna aliyesema uchawi, sisi ni watu wa kanisani. Walisema tu kwamba ardhi huwa inajua. Mjomba akageukia kwangu: "Yusta, wewe ulikuwapo. Kuna neno mama yenu alilisema juu ya mkono wa Skola?"

Nikasema, "Aliwahi kusema mkono wake hauna baraka."

Na kweli aliwahi kusema. Alisema Skola akiwa na miaka kumi na miwili, siku alipounguza sufuria ya maharage akicheza rede. Alisema hivyo kwetu sote, kwa zamu, kila aliyeunguza kitu. Neno la jikoni la miaka arobaini iliyopita nilililetea kikao, nikaliweka mezani bila sufuria yake na bila maharage yake. Skola alinitazama. Nadhani alikuwa anajaribu kukumbuka.

Wakampokonya bonde wakanipa mimi. Nikapanda kabichi, nikamweka kibarua, na kabichi zikafunga vichwa ambavyo watu walikuja kuvitazama. Unajua sasa kwa nini, wewe ndiye uliyenieleza: ugonjwa ule hauna shughuli na kabichi. Lakini kule mlimani walitikisa vichwa wakasema, umeona mkono wenye baraka. Nikapokea sifa hizo. Nilikula kabichi zile na nyinyi mlikula. Wazee husema mchuma janga hula na wa kwao, nami nilikuwa nimewapakulia.

Halafu ukaja wewe na chuo chako. Sikukulea uwe msomi wa virusi. Nilitaka uwe mhasibu. Mwalimu wako aliwaambia mtafute mmea wa mapambo wenye dalili za ugonjwa, na wewe, kwa kuwa una mama mwenye kitalu, ukaona kazi imekwisha. Ukachuma la kwangu. Novemba ukachuma la kaburini. Ukateremka bondeni ukakuta magimbi yaliyojiotea kando ya kijito, chini ya kabichi zangu, ukachuma na hayo.

Siku ulipoleta majibu ulikuwa umenuna, kwa sababu ulitaka iwe aina mpya ya kirusi, ukaipe jina. Ulinieleza huku nakuna nazi. Kwamba kirusi kizima ni maandishi, maelfu ya herufi za aina nne tu. Kwamba maabara imesoma herufi zote mwanzo hadi mwisho, mkazilaza pembeni ya za virusi vingine vilivyokwisha kusomwa nchi nyingine, mkahesabu wapi zinafanana na wapi zinaachana. Zikiachana kupita mpaka uliowekwa na wasomi, ni aina mpya. Zisipoupita, ni mtoto wa nyumba inayojulikana. Chako hakikuupita. Ni cha kundi lilelile la zamani linalosumbua magimbi na ndugu zake, ila kimekaa kwenye tawi lake peke yake.

"Pole, mwanangu," nikakuambia.

"Lakini, mama, kuna kitu cha ajabu." Ukageuza kompyuta kunielekea. Palikuwa na mchoro wa matawi, na mwisho wa tawi moja majina matatu yamebanana. "La kitaluni, la kaburini, la bondeni. Ni kitu kimoja. Yanaachana herufi chache mno."

"Labda ni hewa," nikasema.

"Hewa, mama?"

Niliendelea kukuna nazi mpaka nikajikuna kidole. Mchoro wako hausemi nani alibeba, Koleta, wewe mwenyewe ulisema, unasema tu kwamba hawa ni wa nyumba moja. Aliyebeba ndiye aliyekuwa anakuna nazi. Nilikuwa nayajua majina yale matatu kwa mpangilio wake, na tarehe zake, na kisu chake.

Tangu siku hiyo mji huu umenigeuka. Nikienda benki, Unyoya upo kwenye kona, ndani ya chungu. Nikienda kumtazama mgonjwa, upo barazani kwa mwenye nyumba. Jumapili nainua macho kwenye altare, upo. Nimeuza miaka tisa na sikumbuki nusu ya niliowauzia. Majani yale mazuri yananitazama kila ninapopita, na kila jani ninaliona lilipotoka. Nikilala, namwona Skola na kisu chake kidogo, anakata, anaomba, anateremka. Simwoti mama. Ningemwota mama ningeshukuru.

Wiki mbili zilizopita uliniuliza kwa nini upande wote wa kushoto wa kitalu ni mtupu, nikasema nabadilisha biashara. Niling'oa yote nikachoma. Yule bwana shamba sijui yuko wapi siku hizi. Naomba awe ameoa vizuri.

Na juzi nilikuambia nakwenda Mlali kununua mbolea ya kuku. Sikununua mbolea. Nilipanda mpaka kwa mama yako mkubwa.

Nilimkuta anachambua mboga mlangoni. Nilikuwa nimeiba ile karatasi yako ya mchoro, nisamehe. Nikaiweka chini mbele yake, nikamweleza vilevile ulivyonieleza wewe, herufi, matawi, majina matatu. Nikamwambia kisu chako, dada, hakina kosa, wala mkono wako. Mimi ndiye niliyeuleta ugonjwa, kwenye miche mitano, siku ya arobaini. Na nilikuwa nimeshaambiwa kwamba maua yale yanaumwa.

Aliyafuata yale matawi kwa kidole. Hajui kusoma vizuri, lakini tawi ni tawi.

"Miaka saba," akasema. "Miaka saba namwomba msamaha mtu."

"Ndiyo, dada."

"Na kikaoni. Lile neno la mkono."

"Ni la siku ya maharage. Ulipokuwa unacheza rede."

Akafumba macho. Niliona amekumbuka. Nikamwambia kwamba nimetoka kwa Mjomba Beda na bonde nimelirudisha, ni lake.

"Bonde lenye ugonjwa ndilo unalonirudishia?" Akacheka, na kicheko chake hakikuwa kizuri. "Kaa nalo kwanza, Yusta. Lisafishe. Ukimaliza ndipo uniletee."

Nikasema nitalisafisha. Nilikuwa nimeinuka aliponishika upindo wa kanga, akaniuliza tena lile swali, maneno yaleyale ya nyuma ya nyumba. Safari hii nikajibu. Nilimwambia mama alitaka maji, akanywa kidogo, halafu akauliza, "Mbuzi amefungwa?" Nikamwambia amefungwa, ingawa sikujua. Hakusema kitu kingine. Nilimwambia dada, samahani, ni hilo tu, hakukutaja.

Skola aliacha zile mboga.

"Yusta," akasema, "nani alikuwa anafunga mbuzi nyumba hii?"

Ni yeye, mwanangu, kila jioni akirudi nyumbani. Miaka saba nilikuwa nimeyabeba maneno yale kama ya mgonjwa anayeweweseka. Mama yangu alikuwa anamuulizia mtoto wake kama amesharudi nyumbani, na mimi ndiye niliyekuwa nimekaa pale kusikia, na sikusikia.

Alilia kwa sauti niliyoitegemea siku ya msiba. Nilitaka kumshika, akanizuia kwa kiganja. "Nenda," akasema. "Usije mpaka nikuite." Nikateremka peke yangu. Hajaniita.

Basi iandike, Koleta. Andika kitalu cha mama yako, andika kaburi, andika bonde. Kama fomu ina nafasi ya kueleza, eleza kwamba ugonjwa ulihama kwa mkono wa mtu, kwenye kisu na kwenye zawadi. Wako wengine huko duniani wenye magimbi bondeni na maua mlangoni, na hawajui hivi viwili ni ndugu. Sitaki uanze maisha yako ya usomi kwa mstari uliofutwa kwa ajili yangu. Nilikuomba kitu ambacho mzazi hapaswi kumwomba mtoto, na ulinipa kwa sababu unanipenda, na kikakukaa kooni mwezi mzima.

Wala usijilazimishe kunisamehe kabla ya treni. Kesho niamkie vyovyote utakavyoweza, hata bila adabu.

Nakusikia getini unaongea na jirani, kwa hiyo namaliza. Nina ombi moja. Ukitua, kabla hujanipigia mimi, mpigie mama yako mkubwa. Usiseme lolote la virusi. Mwambie tu kwamba umefika.

Mama yako,
Yustina